Maua ya Mvua ya Kwanza, Kitale na Bungoma

Mwishoni mwa mwezi wa Februari bustani ya nyumbani mjini Kitale si kitu cha kumwonyesha mgeni. Nyasi za uani zimekauka hata zinalia chini ya viatu, udongo umekuwa mgumu kama tofali, na vumbi linaloinuliwa na malori barabarani limetua juu ya majani ya waridi mpaka rangi yake haijulikani. Mama wa nyumba hutoka jioni na maji aliyooshea vyombo akaimwagia sukumawiki, na maua huyapita kama mtu ampitaye mdai wake njiani, bila ya kuyatazama. Maji ni machache, na watoto hawali maua.

Kisha siku moja, baada ya saa nane mchana, wingu jeusi husimama juu ya Mlima Elgon. Upepo hugeuka ghafula, mabati hulia, kuku hukimbilia chini ya ghala, na mvua kubwa hunyesha muda wa nusu saa, pengine pamoja na mvua ya mawe. Kesho yake jua huwaka kana kwamba hapakutokea jambo lo lote. Walakini chini ya ardhi jambo limekwisha kuanza. Baada ya siku chache, kando ya ukuta ambapo kila mtu alidhani hapana kitu, ncha nene kama kidole gumba hupenya udongo na kusimama.

Ncha hiyo haitangulizi majani kama ifanyavyo mimea mingine. Aghalabu hutoka na ua kichwani, limefungwa kama ngumi ya mtoto mchanga; na ngumi hiyo ifunguliwapo huonekana tufe jekundu, kubwa kuliko chungwa, lililojengwa kwa maua madogo mengi yenye nyuzi nyembamba zinazoelekea pande zote. Mtu mwenye subira akiyahesabu maua hayo madogo atapita mia, na katika ua kubwa atakaribia mia mbili. Wataalamu wa mimea huliita Scadoxus multiflorus. Waingereza hulifananisha na tufe la moto. Ni mwenyeji wa sehemu nyingi za Afrika kusini ya Sahara, tena hupatikana hata Bara Arabu. Hakuna mlowezi aliyelileta Kitale. Lilikuwapo kabla ya reli, kabla ya mashamba ya mahindi, na kabla ya ua wa seng'enge uliomtenga jirani na jirani.

Watu waliosoma katika shule za misheni watakumbuka kwamba vitabu vingi vya kusomea vilisifu maua ya namna nyingine. Vitabu vile vilitungwa Uingereza, na ndani yake maua ya kwanza ya mwaka hutoka katika theluji mwezi wa Februari, kisha huja nargisi za manjano mwezi wa Machi, na watu hufurahi kwa kuwa baridi imekwisha. Mwanafunzi wa Bungoma alikariri majina hayo asijue kama nargisi ni ua au ni ndege, naye kila mwaka, akienda shuleni asubuhi, aliliruka lile tufe jekundu njiani bila ya kuambiwa kwamba hilo nalo lina jina na habari zake.

Kwa kweli maua ya huko na maua ya huku yana desturi moja, ila mlinzi wa mlango ndiye tofauti. Katika nchi za kaskazini baridi huilaza mimea, na joto pamoja na kurefuka kwa mchana huiamsha. Kitale iko karibu na digrii moja tu kaskazini ya Ikweta, na Bungoma iko chini ya hapo. Mchana wa Desemba na mchana wa Juni hautofautiani ila kwa dakika chache, na baridi ya Kitale, ingawa humfanya mgeni atafute sweta, haitoshi kuulaza mmea. Kinacholaza hapa ni ukame, na kinachoamsha ni maji. Kitunguu cha ua jekundu hujaa chakula wakati wa mvua, majani hukauka ukame unapoingia, nacho hukaa gizani bila ya kudai cho chote mpaka unyevu umfikie. Ndiyo sababu tulipu, ambazo hazichanui vema ila baada ya kukaa katika baridi kali kwa majuma kumi na mawili au zaidi, zilimvunja moyo kila aliyejaribu kuzipanda Trans Nzoia kama mboga. Alipata majani, na ua halikuja.

Mwenye nyumba mbili huyaona majira mara mbili. Wako makarani, walimu na wafanyabiashara wengi wanaofanya kazi Kitale, na nyumbani kwao ni Bungoma, Kimilili au Chwele. Nao hushuka Ijumaa jioni kwa matatu kupitia Kiminini na Kamukuywa. Kitale iko katika kimo cha mita 1,900 hivi juu ya bahari, na mji wa Bungoma ni kama mita 1,400. Kwa sababu hiyo Bungoma ina joto zaidi, na mara nyingi mvua huanza huko mapema kidogo. Msafiri wa namna hiyo huona ua jekundu nyumbani kwa mama yake likiwa limekwisha kufunguka, na arudipo Kitale Jumapili hulikuta la kwake bado limekunja ngumi. Tena mvua za pande hizi mbili hazifanani. Kitale hupata majira moja marefu, tangu Machi au Aprili hata Oktoba au Novemba, na Bungoma mvua hupungua katikati ya mwaka kisha hurudi, hata watu wakaweza kupanda maharagwe mara ya pili. Bustani ya Bungoma kwa hiyo hupumzika mara mbili na kuamka mara mbili; ya Kitale hulala usingizi mmoja mrefu.

Lakini si haki kusema kwamba ua jekundu ndilo la kwanza. Uko mti unaolitangulia, nao hauingoji mvua. Ni ule ambao Waluhya huuita murembe, wenye magome mazito yaliyopasuka kama ngozi ya kifaru. Wakati wa kiangazi, hali hauna jani hata moja, huvaa maua mekundu yanayosimama kama mishumaa, na ndege wadogo waitwao chozi huufuata alfajiri ili kunywa mbochi. Wazee wa Kibukusu waliuheshimu mti huo kwa jambo zito kuliko uzuri: mbele yake watu waliapa, na aliyeapa kwa uongo aliaminiwa kuwa amejiletea mauti. Hata leo ziko nyumba ambazo hazikubali kuni zake jikoni. Mbegu zake, nyekundu zenye doa jeusi, ni nzuri kwa shanga lakini zina sumu, na mtoto asiachwe kuzitafuna.

Murembe uchanuapo watu husema mvua i karibu, nao hawasemi bure, kwa kuwa kiangazi kilichofika katikati hakina pengine pa kwenda ila mwishoni. Walakini mti huo hautabiri kitu. Hufuata kiangazi, haufuati mvua, na ungechanua hata katika mwaka ambao mvua itachelewa majuma sita. Hapo ndipo penye hatari ambayo mwenye shamba hana budi kuiangalia, na mahali pa kuionea vizuri ni katika kahawa.

Mteremko wa Mlima Elgon upande wa Bungoma ni nchi ya kahawa ya arabika. Kwa miaka mingi serikali ya kikoloni haikumruhusu Mwafrika wa Kenya kuipanda. Katika miaka ya 1930 majaribio yalianzishwa katika wilaya chache, kama Kisii, Meru na Embu, na baada ya mpango wa kilimo wa Roger Swynnerton wa mwaka 1954 upandaji ulienea sana katika sehemu za Waafrika. Leo katika vilima hivyo mibuni huota karibu kabisa na nyumba, ikichanganyika na migomba, hata mtu hawezi kusema bustani imekwishia wapi na shamba limeanzia wapi. Kwa mama wa huko ua la kwanza la mwaka si lile jekundu. Ni jeupe, nalo ni la mbuni.

Mbuni hufanya matumba yake wakati wa ukame. Matumba yakifikia ukubwa wa punje ndogo ya mchele husimama. Hayakui wala hayafi. Mti wahitaji kiu ya majuma kadhaa, kisha upate kunywa ghafula. Mvua ya milimita kumi hivi, ambayo ni kidogo kuliko kimo cha kiberiti kilicholazwa ubavu, yatosha. Tangu siku hiyo huhesabiwa siku nane hata kumi na mbili, na asubuhi moja mlima wote huamka umevaa nguo nyeupe. Matawi hayaonekani. Harufu yake ni kama ya yasmini, na mtu aliyelala madirisha wazi huamka akiijua habari kabla ya kutoka nje. Nyuki hufanya kelele kama watu wa soko. Ila sherehe hiyo ni fupi mno: siku ya pili au ya tatu maua hugeuka rangi ya kahawia, hunyauka, na yaliyobaki ni vidoto vya kijani visivyozidi kichwa cha pini. Vidoto hivyo ndivyo ada ya shule ya mwezi wa Januari. Vyahitaji miezi saba hata tisa ili kuiva, kwa hiyo maua ya mwisho wa Machi huchumwa tangu Oktoba hata Desemba.

Sasa mbuni, kwa ujinga wake, hauulizi kama mvua iliyonyesha ni masika au ni mvua ya kupita. Ikinyesha mvua moja nzuri katikati ya Februari, matumba yaliyo tayari huamka. Kama jua litarudi kwa mwezi mzima, vidoto vingine hukauka na kuanguka, na mti unaotafuta maji hauna nguvu ya kuvirudisha. Hata vikiokoka, hasara haijakwisha. Mvua ya Machi huamsha matumba mengine, ya Aprili mengine tena, na mwisho wa mwaka tawi moja hubeba matunda mekundu, ya manjano na ya kijani pamoja. Mchumaji hana budi kupita mara nne au tano badala ya mara mbili, akichagua moja moja kwa vidole. Mwenye haraka huvuta yote kwa pamoja, na kiwandani matunda mabichi huharibu kahawa ya watu wote waliopeleka siku ile. Chama cha ushirika kinapogombana juu ya bei, mara nyingine ugomvi huo ulipandwa na wingu moja la Februari.

Mbuni una faida moja: ukidanganyika mwaka huu, mti bado upo mwakani. Mahindi hayana mwakani. Mkulima wa Trans Nzoia hununua mbegu kwa fedha, kilo kumi hivi kwa ekari moja, pamoja na mbolea. Naye amezoea mbegu hizo tangu zamani, kwa kuwa Kampuni ya Mbegu ya Kenya ilianzishwa Kitale mwaka 1956, na kazi ya kuzalisha mahindi bora ilianza mjini humo mwaka mmoja kabla ya hapo. Majaribio yaliyofanywa Kitale katika miaka ya 1960 yalionyesha wazi kwamba wakati wa kupanda ni jambo kubwa mno. Mwenye kuchelewa alipoteza mavuno mengi hata kama alitia mbolea ya kutosha na kupalilia vizuri. Tangu hapo neno la kupanda mapema limeingia katika vichwa vya watu, nalo ni neno la kweli. Walakini kupanda mapema maana yake si kupanda siku ile ua jekundu litokezapo karibu na mlango.

Ua jekundu lina akiba yake ndani ya kitunguu. Laweza kutoka, kuchanua na kupamba nyumba kwa maji ya mvua moja, kisha likangoja majuma matatu bila ya kuumia, maana chakula chake limekuja nacho. Punje ya mahindi haina akiba ya namna hiyo. Ikipata unyevu huvimba na kutoa mzizi, na unyevu ukikatika siku ya kumi imekufa. Kwa hiyo maua na mahindi husoma mvua moja, lakini hayasomi kwa kusudi moja, na mtu akitumia macho ya ua kupandia mahindi atanunua mbegu mara mbili.

Mwaka 2019 ulionyesha jambo hilo kwa ukali. Katikati ya mwezi wa Machi kimbunga kilichoitwa Idai kilipiga pwani ya Msumbiji karibu na mji wa Beira, kikaua watu wengi. Na kimbunga kile, pamoja na maangamizi yake ya huko, kilivuta unyevu wa hewa upande wa kusini. Katika sehemu kubwa ya Kenya masika yalichelewa, na wakulima wengi wakaitazama mbingu Machi yote na sehemu kubwa ya Aprili. Aliyekuwa ametupa mbegu zake ardhini kwa kuamini manyunyu ya kwanza alikuwa na kazi ya kuchimbua na kutazama kama zimeoza.

Lipo jambo rahisi la kufanya, nalo halihitaji chombo cha gharama. Mkebe wa bati ulionyoka, usio mpana juu wala chini, huwekwa juu ya kigingi mahali pa wazi, mbali na miti na paa. Kila asubuhi, saa moja, kipimo cha shule hutumbukizwa ndani, milimita zikaandikwa katika daftari, na maji yakamwagwa. Mtoto wa darasa la tano anaweza kazi hiyo, tena ataifanya kwa uaminifu kuliko baba yake. Kwa desturi ya wataalamu wengi, mvua ya milimita ishirini au zaidi ndani ya siku mbili tatu, isiyofuatwa na ukame wa siku kumi, ndiyo huhesabiwa kuwa mwanzo wa masika. Siku kumi zijazo hakuna awezaye kuzipima kwa mkebe. Kwa hizo lipo tangazo la Idara ya Hali ya Hewa, ambalo hutolewa kabla ya majira na tena kila juma, nalo lafaa lisomwe pamoja na daftari. Kisha shimo la kina cha kiganja kizima lichimbwe shambani: udongo wa chini ukibanwa mkononi ukashikana, shamba liko tayari, ukimwagika kama unga, ua jekundu na liendelee na mapambo yake, na mbegu zikae ghalani.

Mwenye kuandika miaka mitano mfululizo tarehe ya mvua ya kwanza, tarehe ya ua la kwanza, na tarehe ya kahawa kuwa nyeupe, atakuwa na kitabu ambacho hakiuzwi dukani. Hakuna mtu mwingine anayeweza kumwandikia habari za kiwanja chake mwenyewe.

Yafaa kutaja mtu aliyeziandika habari za namna hiyo huko Kitale kwa muda mrefu. Kanali Hugh Stoneham alikuwa mpenda wadudu na wanyama, naye mwaka 1926 alifungua jumba lake mwenyewe la makumbusho. Alipofariki mwaka 1966 aliwaachia wananchi mikusanyo yake, na kwa hiyo mwaka 1974 Kitale ikapata jumba la makumbusho la taifa. Nyuma ya jumba hilo kuna kipande cha msitu wa asili chenye njia ya miguu, na mtu atembeaye humo baada ya mvua ya kwanza ataona jinsi nchi ile ilivyokuwa kabla ya plau. Mwaka huo huo wa 1974 bwawa la Saiwa, kaskazini ya mji, lilifanywa hifadhi ya taifa kwa ajili ya nzohe, na mimea ya mahali pa majimaji ikapata kimbilio pamoja na mnyama huyo. Kwingineko mengi yamekwisha kulimwa. Ndiyo maana mtu anayetaka maua ya kienyeji bustanini asiende na jembe porini kuchimbua vitunguu gunia zima, kama wafanyavyo wengine. Ua likikomaa hutoa matunda madogo mekundu yenye mbegu, na mbegu hizo huota, ingawa mwenye bustani atangoja miaka kadhaa kabla ya kuona tufe lake.

Katika bustani nyingi, ua la kienyeji hukaa pamoja na wageni. Dalia, zinia na kosmosi, ambazo mbegu zake hupandwa mwanzo wa mvua, asili yake ni Meksiko. Na mtu anayedhani kwamba maua hayo ni mambo ya Kizungu na akumbuke kwamba mahindi yake nayo yalitoka upande huo huo wa dunia. Bogenvilia ni ya Amerika ya Kusini. Mjakaranda pia, nao hungoja mpaka Septemba au Oktoba kabla ya kumwaga zambarau yake barabarani, kwa hiyo haumo katika habari hii.

Majuma machache baada ya ua jekundu huja lingine la kienyeji ambalo hupanda ukuta au ua wa miti kwa kujishika kwa ncha za majani yake. Maua yake yamegeuka juu kama ndimi za moto, mekundu yenye kingo za manjano. Hilo ni Gloriosa. Binti mfalme Elizabeth alipozuru Rodesia ya Kusini mwaka 1947 alizawadiwa kipambo cha almasi chenye umbo lake, na leo ni ua la taifa la Zimbabwe. Mizizi yake hufanana na viazi vyembamba, nayo ina sumu kali iitwayo kolkisini. Madaktari huitumia kwa vipimo vidogo sana kutibu jongo, lakini mpishi akiitia chunguni kwa kudhani ni kiazi kikuu, nyumba itapata msiba. Kitunguu cha tufe jekundu nacho ni cha sumu; katika sehemu mbalimbali za Afrika kilitumiwa katika sumu ya mishale na ya kuvulia samaki. Kwa hiyo maua haya hayapandwi pamoja na viazi vitamu, wala mahali ambapo mbuzi hufungwa.

Wako wazee wasiopendezwa na habari hizi zote. Husema kwamba kiwanja cha robo ekari hakina nafasi ya kitu kisicholiwa, na mkwe akija na kuona maua mahali pa mboga atasema binti yake ameolewa na mtu mvivu. Maneno hayo yana uzito mahali ambapo ardhi imegawanywa mara tatu tangu babu. Lakini ua jekundu halihitaji ila upana wa sahani, chini ya mti, ambapo mahindi hayafai kwa sababu ya kivuli. Na nyuki wanaokuja kwa zinia na kosmosi huendelea mpaka kwenye maboga, ambayo hayazai kabisa pasipo wadudu, na mpaka kwenye alizeti. Mahindi hayawahitaji, maana hutumia upepo. Mbuni wa arabika waweza kujitosheleza wenyewe, ingawa penye nyuki huzaa vizuri zaidi. Zaidi ya hayo kando ya barabara za miji ya magharibi wanawake wengi sasa huuza miche katika mifuko ya plastiki na makopo, na wanunuzi wake si wavivu.

Adui mkubwa wa maua ya vitunguu katika pande za Kitale ni fuko. Hula kitunguu kutoka chini, na mwenye bustani hajui mpaka Machi ipite na ua lisitokee. Wengine hupanda kitunguu ndani ya debe bovu lililotobolewa matundu madogo chini na kufukiwa ardhini, ukingo wake ukitokeza kidogo juu ya udongo. Shimo hutiwa mboji na mchanga kidogo ili maji yasisimame, kwa kuwa unyevu wa Julai na Agosti huko Kitale huoza kitunguu kuliko ukame wa Januari unavyokikausha. Shingo ya kitunguu huachwa karibu na uso wa udongo. Kisha hakuna kazi nyingine.

Adui wa pili ni jembe la mwenye nyumba. Ua hudumu juma moja au mawili. Baadaye majani mapana hutoka na kukaa mpaka mwisho wa mvua, yakijaza akiba chini. Novemba yakianza kugeuka manjano na kulala, mtu huyakata akidhani mmea umekufa, na Desemba, watoto waendapo likizo Bungoma na uani hapana mtu wa kukataza, kibarua huja kulima pale pale. Kwa hiyo kabla ya majani kutoweka kabisa, mama wa nyumba huchukua kijiti cha mkaratusi, hukifunga kitambaa chekundu, na kukipigilia kando ya debe. Vumbi hukipaka, kuku hukikwaruza, na kitambaa hupauka kwa jua la Februari. Huondolewa siku ile ncha itakapoonekana.